Mchoro Mmoja, Watoto 900

Leo nawapumzisha na mambo ya hifadhidata, tuongee kidogo kuhusu wenzetu wanaochora mashine. Programu zao zinaitwa CAD, yaani uchoraji wa vitu kwa kutumia tarakilishi, na ndani yake kuna wazo ambalo sisi waandishi wa programu hupenda kujidai kwamba ni letu.

Chukua ile mashine ya kukatakata nyasi za ng'ombe. Ina mota, mkanda, puli mbili, beringi, visu na fremu ya chuma. Ukiichora kipuri kwa kipuri katika faili moja, utajikuta na bolti kibao zinazofanana, na siku ukitaka kubadilisha ukubwa wa bolti utazitafuta moja moja hadi usiku. Mchoraji mzoefu hafanyi hivyo. Anachukua shafti, puli na beringi zake, anaviunganisha mara moja, kisha anavihifadhi kama kitu kimoja. Mimi nitakiita fungu, kama fungu la nyanya pale sokoni, kwani ukilinunua huhesabu nyanya moja moja. Fungu hilo laweza kuwekwa ndani ya fungu kubwa zaidi, na kesho likatumika kwenye mashine ya kupukuchua mahindi bila kuchorwa upya.

Sasa swali: likitumika tena, je, hiyo ni nakala ama ni fungu lile lile?

Mtu aliyelijibu swali hili kwa vitendo ni Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani. Mwaka 1963 alikamilisha tasnifu yake ya udaktari kuhusu programu aliyoiita Sketchpad, iliyofanya kazi kwenye tarakilishi ya TX-2 ya Lincoln Laboratory. Msimamizi wake alikuwa Claude Shannon, yule yule wa nadharia ya habari. Wakati huo watu wengi walizungumza na tarakilishi kwa kadi zilizotobolewa. Sutherland akaketi mbele ya skrini na kalamu ya mwanga mkononi, akachora.

Lakini kalamu si kitu kikubwa, ingawa picha zinazosambazwa huonyesha kalamu tu. Kikubwa ni namna michoro ilivyohifadhiwa. Katika Sketchpad ulichora mchoro mama mara moja, kisha ukaweka watoto wake popote ulipotaka. Mtoto hakubeba mistari yake mwenyewe. Alichokuwa nacho ni mahali alipo, ukubwa wake na upande aliogeuzwa, basi. Mengine yote yalisomwa kutoka kwa mama. Na mama mwenyewe angeweza kuundwa kwa watoto wa michoro mingine, ngazi baada ya ngazi.

Mfano aliouweka kwenye tasnifu naupenda sana. Alichora pembesita moja, akapanga nyingine sita kuizunguka, akalifanya kundi hilo la saba kuwa kitu kimoja, akaunganisha makundi hayo, akaendelea hivyo mpaka akapata pembesita 900. Halafu akaeleza kwamba mteja akisema hataki pembesita, anataka magamba ya samaki, hakuna haja ya kuanza upya. Unabadilisha umbo moja tu liwe nusu duara, na yote 900 yanabadilika pamoja. Jamani, huyu mtu aliandika haya mwaka 1963!

(Kuna sheria moja inayofuata hapo: fungu haliwezi kuwa ndani ya fungu lake lenyewe. Programu isipokataa jambo hilo, itazunguka bila mwisho. Waliowahi kuandika kitendaji kinachojiita chenyewe wananielewa.)

Mwaka 1966 Alan Kay alifika Chuo Kikuu cha Utah na moja ya vitu vya kwanza alivyopewa kusoma ni tasnifu hiyo. Alisoma pia kuhusu Simula, lugha ya programu kutoka Norway, akaona kwamba mama na watoto wa Sketchpad ni wazo lile lile. Kutoka hapo ikaja Smalltalk miaka ya 1970. Kwa hivyo unapoandika klasi katika Java na kuunda vitu kutoka kwayo, kumbuka kwamba mmoja wa mababu wa kazi yako alikuwa mchoro wa pembesita.

Wachoraji wa mashine nao walisubiri sana, maana vyombo vilikuwa ghali. Kazi iliyowafumbua wengi macho ni ndege ya Boeing 777. Ina vipuri milioni 3, ukihesabu hadi misumari ya ribiti, kutoka kwa kampuni zipatazo 500. Zamani Boeing ilikuwa ikitengeneza ndege ya mfano kwa ukubwa kamili, ili kuona kama bomba litagongana na nyaya. Kwa 777 waliunganisha vipuri kwenye tarakilishi kwanza, kwa programu ya CATIA ya kampuni ya Kifaransa ya Dassault. Sehemu ya pua peke yake ndiyo iliyotengenezwa kwa mfano halisi, kuhakikisha tarakilishi haiwadanganyi. Haikuwadanganya, na ndege iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1994. Shirika letu la Kenya Airways lilipokea 777 yake ya kwanza mwaka 2004.

Kinachonivutia zaidi kuliko programu yenyewe ni watu. Boeing iliwagawa wahandisi katika timu 238, kila timu na fungu lake la ndege, na katika timu moja walikaa wanaochora pamoja na watakaotengeneza. Mpaka wa fungu kwenye skrini ukawa pia mpaka wa kazi za watu.

Mwaka 1995 SolidWorks ikaleta mambo haya kwenye tarakilishi za kawaida za Windows, na ofisi ndogo zikaanza kuchora kwa mafungu.

Halafu ikaja A380 ya Airbus. Ndege moja ina nyaya zenye urefu wa kilomita 530 hivi. Vipande vya mwili vilikuwa vikitengenezwa Hamburg, Ujerumani, na kuunganishwa Toulouse, Ufaransa. Vilipofika, nyaya hazikutosha kufika kwenye viunganishi vyake. Wajerumani na Wahispania walikuwa wakitumia CATIA toleo la 4, Wafaransa na Waingereza toleo la 5, na toleo la 5 lilikuwa limeandikwa upya kabisa, kwa hivyo michoro haikuvuka salama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Juni 2006 Airbus ilipotangaza ucheleweshaji, hisa za EADS, kampuni iliyoimiliki, zilianguka kwa asilimia 26 kwa siku moja. Kufikia Oktoba ucheleweshaji ulikuwa umekaribia miaka miwili, na faida iliyotarajiwa ikapunguzwa kwa euro bilioni 4.8 kwa miaka minne. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007.

Wengi huilaumu programu. Mimi siungi mkono. Kila kiwanda kilikuwa na mama yake na kila mama alibadilika kivyake, huku wakubwa wakiamini kuna mama mmoja. Programu ya toleo lolote isingewaokoa na hilo, kwa sababu ni uamuzi wa nani anatumia nini, na uamuzi huo hufanywa mezani.

Siku hizi huhitaji pesa za Airbus kujaribu haya. FreeCAD ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Toleo la 0.19 la mwaka 2021 lilileta viungo, ambapo kipuri kinaonekana mahali pengi lakini kimehifadhiwa mara moja, na toleo la 1.0 la Novemba 2024 likaja na sehemu yake rasmi ya kuunganisha vipuri. Chora puli moja, iweke mara nne kwa kutumia kiungo wala si kunakili, kisha rudi ubadilishe kipenyo cha ile ya kwanza na uziangalie zile nne.