Moja, Halafu Nne

Gari la senje lilizimika Sigalagala saa kumi jioni, kuku 40 wakiwa nyuma na mvua ndiyo imeanza. Si ati lilikohoa kwanza. Lilizimika tu kama taa, mita chache kutoka lango la chuo ambako vijana husomea umekanika. Ni Toyota 110, otomatiki, ile ya injini ya 5A. Aliinunua kwa pesa ya miwa enzi zile miwa ilikuwa bado inalipa, na ndiyo humtoa Butere hadi kwa wenye mahoteli wa Kakamega mjini. Siku hiyo kuku walifika kwa boda boda, wamelowa chapachapa, na wanne walikufa njiani.

Fundi wetu ni mzee wa miaka ya Peugeot. Alikuja na kisanduku chake, akafungua boneti, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, akaniambia nipige stata. Akasikiliza. Akabadilisha plagi. Kesho yake akabadilisha pampu ya petroli. Wiki iliyofuata tukanunua distribyuta nzima, shilingi 12,000, na gari halikuwaka. Nilianza kumkasirikia kimoyomoyo. Baadaye nilipoulizauliza na kusoma, nikaona nilikuwa namkasirikia mtu asiye na kosa.

Mzee alijifunza kazi kwa Peugeot 404 na 504. Hayo ndiyo magari yaliyoshinda Safari Rally, 404 mara nne katika miaka ya 1960, halafu 504 mwaka 1975 na tena 1978. 504 iliunganishwa humu humu nchini, Mombasa, na ile ndefu ya abiria ilikuwa ndiyo gari ya safari ya mbali hata watu wakasema “nimepanda Pijo” kama vile leo tunavyosema matatu. Petroli iliingia kupitia kabureta, kifaa cha mashimo na springi. Moto wa plagi ulitokana na platini, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila ugonjwa ulikuwa na sauti yake au harufu yake. Ungeweza kurekebisha platini kando ya barabara kwa kipande cha pakiti ya sigara, na kijana akikaa na fundi miaka mitatu, akishika spana na kutumwa chai, alitoka akijua gari lote. Hakukuwa na kitabu. Elimu ilikuwa kwenye masikio na vidole, ikipita mtu kwa mtu. Wasomi na serikali walichelewa kuiona kazi hiyo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya 1972, ndiyo iliyowafanya waanze kuzungumzia uchumi wa watu kama yeye, na serikali ikaweka jua kali kwenye sera yake rasmi mwaka 1986.

Wakati huo, kwingine, gari lilikuwa linaanza kujifunza mambo ambayo sikio haliwezi kusikia. Chanzo kilikuwa moshi. Jiji la Los Angeles lilikuwa likikohoa, California ikaanza kubana watengenezaji, na mwaka 1967 Volkswagen ikapeleka Marekani gari lenye sanduku la elektroniki la Bosch lililopima petroli badala ya kabureta. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970 ikaongeza presha. Mwaka 1981 General Motors wakaweka kompyuta kwenye magari yao ya petroli ya soko la Marekani karibu yote. Toyota nao walikuwa njia hiyo hiyo. Ile taa ya njano kwenye dashibodi ambayo sisi huizibia na kipande cha selotepu, kazi yake kubwa kisheria ilikuwa kumwambia mwenye gari kwamba anachafua hewa. Hapa kwetu sega la kwenye egzosi mara nyingi liliuzwa kitambo kama chuma chakavu, lakini sanduku bado linalinda anga ya Los Angeles. Mambo ya dunia.

Masanduku haya hayakufika Kakamega kwa semina. Yalifika bandarini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza sheria za kuagiza bidhaa, na magari mtumba kutoka Japan yakamiminika. Kule gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2, na gharama inamfanya mwenyewe aone afadhali aliuze. Sisi nasi tukaweka kikomo chetu, KS 1515 ya mwaka 2000: gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kanuni ilihesabu umri wa bati. Haikuuliza nani huku atasoma kibandiko cha Kijapani kilicho chini ya boneti, wala nani ataelewa sanduku lililofichwa nyuma ya dashibodi. Yaani ilikuwa kama kuletewa mgonjwa asiyezungumza lugha yako, halafu daktari ndiye anachekwa.

Wiki ya tatu, binamu alileta kijana wa kutengeneza redio na simu mjini. Hakuwa na spana hata moja. Alikuwa na tester, taa ya kichwani, na klipu ya karatasi. Mzee akamtazama kama mtu anayetazama mganga. Kijana akamwamkia kwanza, “Shikamoo mzee, naomba nione,” akafungua kijisanduku kidogo kilicho chini ya boneti, akainyoosha klipu na kuunganisha matundu mawili, TE1 na E1. Akawasha swichi. Taa ya injini ikapepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara nne. Moja, halafu nne. Kumi na nne.

Toyota za enzi hiyo zinasema hivyo, kwa kupepesa. Kumi na nne maana yake ni kwamba kompyuta haipati jibu kuhusu moto. Kila plagi inapopigwa, kifaa cha moto hurudisha ujumbe kwa kompyuta: nimepiga. Ujumbe usipofika, kompyuta inafunga petroli ili isimwagike bure kwenye egzosi. Ndiyo maana injini ilizimika bila kukohoa. Hakukuwa na kitu cha kusikia.

Nilidhani sasa atasema tununue kompyuta. Wapi. Alitumia saa nzima kufuata waya mmoja mmoja, akapima betri, akasafisha waya za arthi zilizofungwa kwenye bodi. “Kompyuta ndiyo ya mwisho kulaumiwa,” alisema. “Wengi hununua kompyuta kumbe ni arthi ya shilingi hamsini.” Ujumbe ulikuwa unafika hadi mlangoni mwa sanduku. Ndipo akatoa betri, akachomoa sanduku, akalifungua. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani kama ukungu wa mkate.

Mwaka uliotangulia senje alibadilishiwa kioo cha mbele baada ya jiwe. Gundi haikukaza upande wa kushoto. Na mvua ya Kakamega unaijua, inakuja karibu kila alasiri msimu wake ukifika, na kila alasiri tone lilikuwa linashuka nyuma ya dashibodi. Kwa hiyo kitu cha kwanza kutengenezwa kilikuwa kioo. Ungeweka kompyuta mpya chini ya tone lile lile ungekuwa unainywesha maji tu.

Sanduku la kwanza tulilinunua Kisumu. Plagi zake zilifanana, umbo lilifanana, muuzaji akaapa. Injini ikawaka, senje akapiga kigelegele, lakini gari likakataa kupanda gia ya nne. Kumbe lilikuwa la gari la manyuo. Halikujua kama kuna giaboksi ya kuamuru. Namba zote mbili zilianza na 89661, lakini tarakimu za mwisho ndizo zenye habari, na sisi hatukuzisoma. Na spea ya umeme hairudishwi, hilo limeandikwa ukutani kwenye duka lolote. Pesa ikaenda hivyo. La pili lilitoka kwenye 110 iliyogongwa, namba ile ile hadi ya mwisho, otomatiki kama yetu. Liliwaka. Taa ikapepesa sawasawa bila kutulia, yaani halina la kusema.

Mzee alikuja jioni hiyo. Akaweka bisibisi kwenye injini na sikio kwenye mpini, muda mrefu. “Sasa inatembea vizuri,” akasema. “Lakini mwana wefwe, hii haikuniambia kitu.” Kijana akampa klipu, akamwonyesha matundu. Mzee akahesabu mapepeso kwa vidole, akaomba arudie, akahesabu tena.

Sasa senje anataka kuuza 110 achukue gari la miaka ya karibuni. Nilimuuliza kijana. Akasema klipu haitafaa huko, inabidi mashine ya kusoma, na magari mengi ya siku hizi kompyuta na funguo hujuana. Ukibadilisha sanduku bila kulitambulisha kwa funguo, halitawaka hata namba zikilingana. “Mwambie asilipe kabla hajaona funguo zote mbili,” alisema, akarudi kwenye redio yake.