Ufa unaopwaya ngumi

Mwaka 2025 ilitimia miaka 60 tangu Chuck Pratt apande Twilight Zone, ufa wa bonde la Yosemite, California. Tukio la namna hiyo lilistahili shamrashamra. Bahati mbaya nyufa pana hazina wapenzi wengi, hata miongoni mwa wapanda miamba wenyewe.

Ufa mwembamba hubana vidole. Ukipanuka hubana kiganja, halafu ngumi. Ukiwa mpana kupindukia, mtu huingia mzimamzima akapanda kwa mgongo na miguu. Taabu iko katikati, pale ngumi inapopwaya na mwili haupenyi. Hapo mpandaji hukunja kiwiko ndani ya ufa, kiganja kikisukuma ukuta huu na bega likiegemea ule. Chini, kisigino na vidole vya mguu hujibana kama kabari. Anasogea sentimita chache, anapumua, anasogea tena, na ngozi ya vifundo anaiacha mwambani.

Pratt, mtu mfupi asiyependa makuu, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mwaka 1961 alipanda Crack of Doom, na mwaka 1965 akaongoza Twilight Zone huku kamba yake ikiwa na vishikizo vya kuhesabika, kwa kuwa misumari ya chuma ya enzi zile haikufaa upana ule. Vifaa vya maana vilikuja baadaye: kabari za springi za Ray Jardine mwaka 1978, kisha mabomba ya kurefuka ya Craig Luebben.

Mapema miaka ya 1980 Randy Leavitt na Tony Yaniro walitatua fumbo la mikono. Walipachika kiganja juu ya ngumi ili vijaze ufa, wakafunga goti ndani, na goti hilo likabeba mwili wakati mikono yote miwili ikihamia juu.

Kilele cha upandaji wa nyufa hizi ni Century Crack, ufa wa Utah unaokata dari la mwamba kwa zaidi ya mita 30. Waingereza Tom Randall na Pete Whittaker waliufanyia mazoezi miaka miwili katika chumba cha chini ya nyumba ya Randall, Sheffield, wakining'inia kwenye nyufa za mbao walizogongelea darini, miguu ikitangulia na kichwa kikiwa chini. Mwaka 2011 waliumaliza, ila vifaa vya kinga vilikuwa vimeshapachikwa. Kwa wenye msimamo mkali, hapo kazi ilikuwa nusu. Wawili hao hawakubishana. Walirudi wakaupanda upya, safari hii wakipachika kila kifaa wenyewe huku wananing'inia, na hilo ndilo jibu bora kuliko maneno.

Kumbi nyingi za leo za mazoezi ya kupanda zimejaa vishikio vya plastiki vya rangi zote, lakini ufa wa upana huu ni nadra kuonekana. Anayetaka kujifunza hana budi kununua mbao na misumari.