Mitambo Iliyoharibiwa na Matengenezo

Kwa miongo mingi wenye viwanda na mashirika ya ndege waliamini kwamba kila mtambo una umri wake, na kwamba fundi akiufungua kabla ya umri huo kutimia, akabadilisha vipuri na kuufunga upya, huwa ameukinga usiharibike kazini. Taaluma ya utegemevu wa mitambo, yaani elimu ya kukadiria na kurefusha muda ambao mtambo hufanya kazi bila kukwama, ilikua kwa kiasi kikubwa baada ya imani hiyo kupimwa kwa hesabu na kuonekana ina kasoro.

Dalili za mapema zilijitokeza Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo mwanabiolojia C. H. Waddington na wenzake walichunguza ndege za kijeshi aina ya Liberator, zilizokuwa zikikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Ilitarajiwa kwamba hitilafu zingekuwa chache mara tu baada ya ukaguzi na kuongezeka kadiri ukaguzi mwingine ulivyokaribia, lakini takwimu zilionyesha kinyume kabisa: hitilafu zilifurika ndege ilipotoka mikononi mwa mafundi, kisha zikapungua taratibu. Kugusagusa kilichokuwa kizima, basi, ndiko kulikozaa sehemu ya ubovu uliokuwa ukirekebishwa. Kitabu cha Waddington kuhusu kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1973 tu.

Uthibitisho mpana zaidi ulitoka Marekani, katika ripoti ya mwaka 1978 ya F. Stanley Nowlan na Howard Heap, wahandisi wa United Airlines, iliyoandaliwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi. Kati ya vifaa vya ndege walivyovichunguza, ni asilimia 11 tu vilivyoonyesha dalili za kuchakaa kwa umri, ilhali asilimia 68 vilielekea kuharibika zaidi vikiwa vipya, au vikiwa vimetoka tu kwenye matengenezo, kuliko baadaye. Hapo ndipo gharama ya imani ya zamani inapoonekana wazi, kwani mpango wa awali wa ndege ya DC-8 ulitaka vifaa 339 vifunguliwe kwa ratiba, ilhali DC-10, iliyopangiwa kwa fikra mpya, ilitaka vifaa saba tu.

Kutoka kwenye ndege, fikra hizo ziliingia katika vinu vya umeme wa nyuklia na viwanda vingine, na kazi ya mhandisi wa utegemevu ikawa kuuliza kila kifaa kikifa kitaleta hasara gani. Beringi ya pampu kubwa hufungiwa kihisi kinachopima mtetemo wake na kupeleka taarifa kwenye kompyuta, ili ifunguliwe pale tu mtetemo unapozidi kiwango. Taa ya ghala huachwa mpaka iungue.