Maji ya Chini katika Nyanda Kavu za Marekani

Mtu achotaye maji kisimani huyaona maji tu; umri wake hauoni. Twapenda kuwasimulia walimu na washarika habari za nchi moja ambamo umri huo ulisahauliwa, nayo ni nyanda za juu za Marekani, zianzazo Dakota Kusini na kushuka hata Texas.

Chini ya nyanda hizo pana tabaka la mchanga na changarawe, lililoletwa na mito kutoka Milima ya Rocky mamilioni ya miaka iliyopita. Maji yamekaa katikati ya chembe za mchanga, kama yakaavyo katika ndoo ya mchanga iliyomiminiwa maji. Si ziwa, wala si mto upitao gizani kama wengi walivyodhani. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa miamba, N. H. Darton, aliliita tabaka hilo Ogallala, kwa jina la mji mdogo wa Nebraska. Hazina hiyo imeenea maili za mraba 174,000 hivi, katika majimbo 8. Lakini mvua ya huko ni chache, na katika sehemu nyingi za kusini maji yapenyayo ardhini hata kulifikia tabaka hayatimizi inchi moja kwa mwaka. Mwalimu na awaeleze wanafunzi hesabu hii vema, maana yote yafuatayo yatoka humo.

Wenyeji wa nyanda waliwinda nyati, wakapiga kambi penye chemchemi. Katika karne ya 17 watu wa Pueblo, waliokimbia utawala wa Wahispania huko New Mexico, walikaa El Cuartelejo, katika Kansas ya leo, wakachimba mifereji ya kuongoza maji ya chemchemi mashambani. Hao walitumia maji yaliyojitokeza yenyewe.

Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kumpa mlowezi eka 160 za ardhi, akiikaa na kuilima miaka 5. Watu wakaja wengi, tena wako waliofundisha kwamba jembe likiipindua nchi, mvua italifuata. Mvua haikulifuata. Ukame wa miaka ya 1890 uliwafukuza maelfu. Waliobaki waliinua vinu vya upepo, ambavyo Daniel Halladay alikuwa amevitengeneza mwaka 1854 vipate kugeuka vyenyewe kuuelekea upepo. Karibu na Garden City, Kansas, wakulima walijaza mabwawa madogo ya udongo kwa vinu hivyo, wakanywesha bustani za eka chache tu. Upepo ulikuwa bwana mpole: haukuruhusu mtu kuchota kupita kiasi.

Hapa yatupasa kusimama kidogo mbele ya baraza la hukumu. Huko Denison, Texas, kampuni moja ya reli ilichimba kisima kikubwa, ikavuta galoni 25,000 kila siku, na kisima cha nyumbani cha jirani kikakauka. Jirani akashitaki. Mwaka 1904 mahakama kuu ya Texas iliamua kwamba hana haki ya kulipwa, kwa kuwa mwendo wa maji ya chini umefichika mno hata sheria haiwezi kuufuata. Basi kila mtu akawa huru kuvuta yaliyo chini ya ardhi yake, hata kama yatoka chini ya ardhi ya mwenzake. Kwa maoni yetu hukumu hii iliyaharibu maji kuliko pampu yo yote. Elimu ya mwendo wa maji ilikua. Kanuni ile katika Texas ilibaki.

Kisha ikaja miaka ya 1930. Nchi iliyolimwa ngano ilikauka ikapeperuka. Jumapili, tarehe 14 Aprili 1935, wingu jeusi la vumbi lilizifunika Kansas, Oklahoma na Texas, mchana ukawa giza. Watu walifunga vitambaa vilivyoloweshwa juu ya pua za watoto. Na wakati huo wote maji yalikuwapo chini ya miguu yao, ila hawakuwa na nguvu ya kuyapandisha.

Nguvu ilipopatikana, nani angewaambia wangoje? Injini za magari zilifungwa kwenye pampu za kina. Baadaye ikaja gesi ya ardhini, tena kwa bei ndogo. Mwaka 1952 mkulima Frank Zybach wa Colorado alipewa hati ya uvumbuzi wa bomba refu lenye magurudumu, lizungukalo kisima likinyunyiza maji. Ndiyo maana atazamaye kutoka ndegeni huona duara za kijani ndani ya miraba ya zile eka 160. Mahindi yakaota palipokuwa na vumbi, ng'ombe wakanenepa, miji ikajengwa. Hatuwalaumu watu wale. Waliyala mavumbi kwanza.

Lakini hata mwaka 2019 uso wa maji ulikuwa umeshuka futi 16.5, kwa wastani wa eneo lote. Wastani huo wadanganya kidogo: Nebraska, penye sehemu kubwa ya hazina, maji yapungua kidogo tu, bali mahali pengine pa Texas na Kansas yameshuka futi 150 na zaidi. Visima vilivyojaza bomba zima vikatoa nusu, kisha robo. Mashamba mengine yamerudia ngano na mtama wa kungojea mvua.

Katika wilaya ya Sheridan, kaskazini-magharibi mwa Kansas, wakulima walikutana, wakabishana sana, wakakubaliana kupunguza maji wanayovuta kwa sehemu 20 katika mia, kuanzia mwaka 2013, kwa miaka 5. Kila mmoja alipewa inchi 55 za maji kwa muda huo wote, azigawe mwenyewe kwa kadiri ya mvua. Wakapunguza hata kupita ahadi. Mavuno ya mahindi yalishuka kidogo. Faida haikuanguka, maana gharama nazo zilishuka. Kisima bado chashuka, ila polepole kuliko zamani. Mwaka 2018 waliufanya upya mwafaka wao.