Serikali ya Jimbo na Utafiti: Historia ya North Carolina

Wapo wanaodai kuwa nchini Marekani uchumi hukuzwa na soko peke yake, na kazi ya serikali ni kukaa pembeni. Historia ya jimbo la North Carolina inakanusha dai hilo.

Katika miaka ya 1950 jimbo hilo lilikuwa miongoni mwa majimbo maskini kabisa nchini humo. Uchumi wake ulisimama juu ya mafiga matatu: tumbaku, nguo na fanicha. Viwanda hivyo viliishi kwa ujira mdogo, na sheria ya jimbo ya mwaka 1947 ilikwisha kuvibana vyama vya wafanyakazi. Vijana waliohitimu katika vyuo vikuu vya Raleigh, Durham na Chapel Hill walikwenda kutafuta kazi kwingine. North Carolina ililima, wengine wakavuna.

Gavana Luther Hodges, ambaye mwenyewe alikuwa meneja wa viwanda vya nguo (wala hakuwa mjamaa), aliwakutanisha wakuu wa vyuo na wenye mabenki. Mwaka 1959 likazaliwa eneo la utafiti liitwalo Research Triangle Park. Hapa hapana budi tutulie kidogo. Mpango wa awali ulikuwa wa kuchuma faida, nao ulishindikana kwa kukosa wawekezaji. Ndipo ardhi iliponunuliwa kwa michango na kukabidhiwa taasisi isiyogawa faida. Mtaji haukuwa tayari kungoja. Kampuni ya IBM ilitangaza kuja mwaka 1965, baada ya wengine kubeba mzigo wa miaka ya mwanzo. Jimbo nalo liliunda bodi ya sayansi na teknolojia mwaka 1963, na kituo cha bioteknolojia mwaka 1981.

Lakini ukuaji huo ulimfaa nani? Barabara kuu inayounganisha Durham na eneo hilo ilipitishwa katikati ya Hayti, mtaa wa Weusi, na maduka na nyumba zao zikabomolewa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo nao waliachwa nje ya mpango. Mwaka 2003 kampuni ya Pillowtex ilifungwa, na watu zaidi ya 4,000 wa jimbo hilo, wengi wao wa mji wa Kannapolis, wakapoteza kazi kwa mpigo. Kiwanda kilibomolewa. Mwaka 2008 pakafunguliwa hapo kituo cha utafiti wa lishe na afya, kinachohitaji wenye shahada, siyo wafumaji wa taulo.