Aromatherapia si tiba mionzi

Wanaotafsiri maandishi ya hospitali wamezoea kutanguliza neno tiba. Saratani ikipigwa kwa mionzi ni tiba mionzi, ikipigwa kwa dawa ni tibakemikali, na aromatherapia ilipobisha hodi ikaitwa tiba harufu au tiba manukato ili iingie kwenye safu hiyohiyo. Safu inapendeza, lakini inadanganya. Mionzi huua seli za saratani. Harufu ya lavenda haiui wala haiponyi kitu katika mwili wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Ikifanya kazi, humpunguzia hofu, na pengine maumivu kidogo.

Neno aromatherapia lenyewe ni la Kigiriki pande zote mbili. Aroma kilikuwa kiungo cha mapishi, na therapeia ilikuwa kumhudumia mtu kabla haijawa kumtibu. Ukifasiri neno kwa neno unapata "huduma ya viungo", na hapo umeshapotea njia, kwani hospitalini ukitaja viungo utaelekezwa kwa mtaalamu akunyooshe goti.

Aliyeunganisha pande hizo ni mkemia wa Kifaransa, René-Maurice Gattefossé, aliyekuwa katika biashara ya manukato. Mwaka 1910 aliungua kwenye mlipuko maabarani, na baadaye akaeleza jinsi mafuta ya lavenda yalivyomsaidia vidonda vilipoanza kuoza. Kitabu chake, *Aromathérapie*, kilitoka mwaka 1937. Yeye alikuwa na vidonda mawazoni, kwa hiyo neno tiba lilikuwa mahali pake. Shughuli ilihama baadaye, jina likabaki.

Siku hizi wodini mambo huenda hivi. Muuguzi hudondosha tone moja au mawili kwenye pamba au kipande cha shashi, akakibana kwenye kola ya gauni la mgonjwa au akampa akishike karibu na pua, muda mfupi kabla ya sindano, kabla ya kubadilishiwa bandeji ya kidonda cha moto, au kabla ya kuingiziwa kamera ya kuchungulia utumbo. Ganzi inabaki palepale, na dawa ya maumivu haipunguzwi kwa sababu ya pamba. Moshi haumo, wala mvuke wa sufuria chini ya blanketi, kwa hiyo kufukiza na kupiga nyungu ni majina ya mambo mengine. Chetezo chenye kaa la moto karibu na mtungi wa oksijeni ni balaa.

Harufu ina njia yake ya mkato. Mishipa ya fahamu ya pua hupeleka habari karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Mwaka 2018 watafiti wa Japani waliwanusisha panya linaloli, kemikali iliyo nyingi ndani ya lavenda. Panya wakapungukiwa na woga, ila wale walioharibiwa uwezo wa kunusa hawakubadilika. Kwa binadamu ushahidi ni wa kusuasua. Huko Vienna, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, chumba cha kusubiria daktari wa meno kilitiwa harufu ya chungwa; wanawake walieleza wasiwasi mdogo zaidi, wanaume hawakuona tofauti. Tafiti za namna hii zina ugonjwa mmoja usioponyeka: dawa bandia unaweza kuifanya kidonge kinachofanana na cha kweli, lakini anayenusa lavenda anajua ananusa lavenda.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni ule uliofanywa Ufaransa miaka ya mwisho ya 1990 kuhusu yujenoli, kemikali inayofanya karafuu inukie karafuu. Madaktari wa meno huichanganya katika saruji ya kuzibia meno, ndiyo maana kliniki nyingi za meno hunukia hivyo. Watafiti waliwanusisha watu yujenoli na kupima jinsi miili yao inavyoitikia. Wasiomwogopa daktari wa meno waliifurahia. Wanaomwogopa miili yao ilionyesha woga na karaha. Harufu ni ileile: kwa mmoja inanukia, kwa mwingine inanuka. Mtoto wa Pemba aliyekulia kati ya majamvi ya karafuu zinazoanikwa, nadhani, angekuwa na jibu la tatu.

Hapo ndipo manukato yanapoishiwa nguvu kama istilahi, kwa sababu yameshaamua kwa niaba ya pua ya mgonjwa. Harufu haijaamua. Na badala ya tiba tunalo neno ambalo wauguzi hulitamka kutwa nzima, kutuliza. Utulizaji kwa harufu: ni refu, halipangiki na tiba mionzi, na mgonjwa akiliona kwenye fomu ya idhini hatadhani ameahidiwa kupona.

Jambo la mwisho ni mafuta yenyewe. Chupa na vipeperushi vingi vimeandikwa "mafuta muhimu", tafsiri iliyokosea mlango: neno la asili linahusu kiini cha mmea, yaani kile kinachoupa harufu yake, halihusu umuhimu. Mafuta ya kunukia yanatosha. Kosa hili si la tafsiri tu, kwa kuwa kitu kilichoitwa muhimu mtu hushawishika kukinywa, na mafuta ya mkaratusi yakimezwa na mtoto, hata kidogo, yanaweza kumtia degedege.