Mnunuzi wa santuri na miaka mia ya kusemwa

Mwambie mtu wa mjini leo kwamba umenunua santuri, na kabla hujataja hata jina la mwanamuziki atakuwa ameshakuweka kwenye fungu lako. Ukiwa na mvi, wewe ni mzee unayelilia ujana. Ukiwa na ndevu zilizochongwa na kikombe cha kahawa ya bei mbaya, unajifanya mjuaji. Ukiwa mzungu, umekuja kuokota mali za watu upeleke kwenu. Kejeli hizi hazikuanza jana. Tangu sahani za taarabu ziingie sokoni, karibu miaka mia iliyopita, mnunuzi wake hajakosa kusemwa. Kilichobadilika ni kosa analobandikwa.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya HMV, ile nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Sahani za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja ukabeba wimbo wa kama dakika tatu. Zilitengenezwa kwa lakiri, utomvu wa kidudu cha Bara Hindi, na moja ikikuponyoka ikaanguka sakafuni, basi tena. Makumi ya maelfu ya sahani za Siti na wenzake yaliuzwa katika miaka michache tu. Hata hivyo gramafoni ilikuwa mali ya wachache, na wenye migahawa ya kahawa Unguja walijua kuitumia kuvuta wateja: asiyekuwa nayo aliagiza kikombe, akaketi barazani, akasikiliza. Picha ya kwanza ya mnunuzi wa santuri ikazaliwa hapo. Ni mwenye nacho, anayetaka majirani wajue kwamba anacho. Pengine alitaka hivyo kweli, lakini sahani yake moja ilisikilizwa na mtaa mzima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, lakiri ilianza kuipisha plastiki ya vinili. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani kubwa ya mizunguko 33 mwaka 1948, na RCA Victor ikajibu mwaka 1949 kwa sahani ndogo ya mizunguko 45. Hii ndogo ndiyo iliyoiteka Afrika Mashariki. Ilikuwa nyepesi, haikuvunjika ovyo, na bei yake ilimfaa mtu wa mshahara. Nairobi ikawa kiwanda na soko kwa pamoja. Equator Sound ilirekodi akina Fadhili William na Daudi Kabaka, River Road ikajaa maduka na lebo za muziki, na Mombasa walikuwapo Assanand and Sons. Tanzania ilikuwa na bendi za kutisha na studio ya redio ya taifa, lakini haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo muziki wake ulilazimika kuvuka mpaka. Wengine walivuka wenyewe: Simba Wanyika, bendi yenye chimbuko lake Tanga, ilihamia Kenya na kujijengea jina huko.

Katika miaka hiyo mnunuzi wa santuri alibadilishiwa jina, akaitwa mtu wa starehe. Mshahara ukitoka, watoto wanangoja unga, yeye anapita River Road kwanza. Santuri ilihusishwa na baa, ambako jukboksi ilimeza sarafu hadi usiku wa manane, na wahubiri na wake za watu hawakuwa na neno jema kwa sahani ile nyeusi.

Kisha ikaja kaseti. Philips waliionyesha dunia mwaka 1963, lakini ilichukua miaka kufika katika kila nyumba ya kwetu. Ilipofika, ilifika na uwezo ambao santuri haikuwa nao: mtu yeyote mwenye redio kaseti aliweza kunakili. Maharamia wakatajirika, kampuni zikayumba. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania kulikuwa kumeshaumiza soko la santuri, na miaka ya 1980 ilipofika ukingoni biashara hiyo ilikuwa hoi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwenye kung'ang'ania santuri sasa akawa mshamba, na makasha mengi yaliishia darini, kwenye joto linalopinda sahani hadi sindano haitulii.

Ulaya na Marekani nako alikuwa amechongewa sanamu yake. Riwaya ya Nick Hornby ya mwaka 1995, High Fidelity, ilimweka katika duka la London: mwanamume asiyekua, anayepanga sahani zake badala ya maisha yake, na anayemdharau mteja kwa kuuliza wimbo usiofaa. Filamu ya mwaka 2000 ikamhamishia Chicago bila kumbadilisha tabia.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 2022 santuri ziliuzwa Marekani kwa wingi kuliko CD, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Mwaka uliofuata, albamu moja ya Taylor Swift, 1989 (Taylor's Version), iliuza zaidi ya santuri milioni moja nchini humo. Sanamu ya Hornby ikapasuka, kwa kuwa wasichana walikuwa wamejaa kwenye foleni. Lakini kejeli haikukosa pa kuhamia: sasa ikasemwa wananunua mapambo. Hilo lina ukweli wake. Uchunguzi wa ICM nchini Uingereza mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 48 ya walionunua santuri mwezi uliotangulia walikuwa hawajaipiga hata mara moja. Na albamu nyingine ya Swift, Midnights, ilitolewa kwa majalada manne ambayo migongo yake ikipangwa pamoja inakuwa saa ya ukutani.

Mshabiki anayeapa kwamba hakuna sauti kama ya santuri naye apunguze. Kadiri sindano inavyokaribia katikati ya sahani, ndivyo mzunguko unavyokuwa mfupi na sauti inavyopungua ung'avu.

Lakini chukua santuri ya mizunguko 45 iliyochapwa Nairobi miaka ya sabini, uigeuzegeuze. Upande wa kwanza umeandikwa jina la wimbo na "Part 1", wa pili "Part 2", kwa sababu wimbo wa rumba au benga haukutosha upande mmoja. Mara nyingi mashairi yapo upande huu na magitaa ya kuchezea yamejaa upande wa pili. Karibu na karatasi ya katikati kuna namba iliyokwaruzwa kwenye plastiki, ya kutambulisha kalibu iliyotumika kuchapa. Mikanda mingi ya kurekodia imepotea au imeoza. Kwa nyimbo kadha wa kadha, sahani iliyo mkononi mwako ndiyo nakala pekee iliyobaki ya kazi hiyo.

Wageni walilijua hilo mapema. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya Uingereza ilitoa Kenya Special, mkusanyiko wa nyimbo za Afrika Mashariki za miaka ya sabini na themanini, na wasakaji kutoka Ulaya bado huonekana Kenyatta Market, jijini Nairobi, katika kibanda cha santuri kilicho jirani na wachoma nyama na wasusi. Tunalalamika kwamba wanabeba urithi wetu. Lakini sahani hizo zilifika sokoni baada ya kutolewa nyumbani kwetu, na waliozitoa walikuwa wanaona aibu kuonekana nazo.

Kwa hiyo tumseme mnunuzi wa santuri tutakavyo. Huenda kweli anajionyesha au anapamba ukuta. Tajiri wa Unguja alijionyesha, mlevi wa River Road alikula pesa ya unga, na bado nyimbo tulizo nazo leo zimetufikia kwa sababu wao walinunua na mtu fulani akakataa kutupa. Plastiki haiulizi iliwekwa kwa nia gani. Mwenye kasha la marehemu babake darini alishushe, alitoe kwenye joto, asimamishe sahani wima badala ya kuzilaza, na amtafute mtu mwenye mtambo wa kuzinakili kabla hajapokea bei ya mtu yeyote.